Saka, Wasiwasi na Sonona: Tatizo la Majina katika Nchi ya Wataita

Mwaka wa 1957, mwanaanthropolojia Grace Harris alichapisha makala kuhusu saka, hali iliyowapata wanawake wa Taita, hasa walioolewa. Mwanamke alianza kwa kuhangaika, kisha kichwa na mabega yakatetemeka. Kichocheo kiliweza kuwa mlio wa gari, kiberiti kilichowashwa, au kitu alichokitamani asikipate. Tiba mojawapo ilikuwa ngoma.

Kuitafsiri saka kuwa "ugonjwa wa wasiwasi" na kuishia hapo ni kosa. Hata hivyo, neno hilo moja lilibeba hofu, tamaa na mtetemo wa mwili kwa pamoja, nayo jamii ikajua la kufanya. Kiswahili kisemwacho Voi leo hakina bahati hiyo. "Wasiwasi" ni neno jepesi mno. Hata anayeshukuriwa hujibu, "hakuna wasiwasi". "Sonona", litokanalo na kitenzi cha kuumia, limezoeleka zaidi Tanzania kuliko Kenya. Basi mgonjwa husema tu, "nina mawazo mengi".

Kauli hiyo yaweza kuficha maradhi matatu. Wasiwasi uliopita kiasi ni hofu isiyokoma, moyo kwenda mbio na usingizi wa kukatikakatika. Sonona ni kukosa raha na nguvu hata kwa mambo yaliyopendwa. Mara nyingi hayo mawili huandamana. La tatu ni baipola, ambapo majira ya sonona hupishana na majira ya uchangamfu uliopindukia. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa wa baipola kwa kawaida hutafuta tiba akiwa ameshuka. Akiwa juu hujiona mzima kuliko wote. Akipewa dawa za sonona pekee, zaweza kumrusha juu tena. Na wasiwasi ukiambatana na baipola, hatari ya kujiua huongezeka. Nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba. Si ajabu familia zilinyamaza.

Hojaji mbili mashuhuri, ya maswali 7 kuhusu wasiwasi na ya maswali 9 kuhusu sonona, zina tafsiri za Kiswahili. Lakini zote huuliza habari za wiki 2 zilizopita tu. Uchangamfu wa mwaka jana haumo. Ni lazima mgonjwa, na ikiwezekana jamaa yake, aulizwe waziwazi: je, uliwahi kupitisha siku kadhaa ukilala saa mbili tatu tu bila kuchoka, ukisema bila kituo, ukitumia fedha ovyo?