Kasumba, Mgeni na Sheria

Tunapokemea dawa za kulevya mimbarani, yatupasa kujiuliza ni nani hasa anayekemewa. Suala hili si geni. Lilijitokeza Marekani tangu sheria za mwanzo dhidi ya kasumba (neno ambalo kwetu leo lina maana pia ya mawazo yaliyopandikizwa kichwani).

Wachina walifika California kwa wingi baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, na maelfu yao wakajenga reli iliyokamilika mwaka 1869. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1873, waliokosa kazi waliwaona kuwa wanyang'anyi wa riziki. Mwaka 1875 mji wa San Francisco ukapiga marufuku nyumba za kuvutia kasumba. Hofu iliyotiliwa mkazo ni kwamba wanawake na vijana wa kizungu walikuwa wakiingia humo.

Lakini kasumba hiyo hiyo, ikiyeyushwa katika kileo, iliuzwa katika maduka ya dawa. Wengi waliotawaliwa nayo walikuwa wanawake wa kizungu wenye nafasi, walioandikiwa na madaktari. Milango yao haikuvunjwa na askari. Hatusemi kwamba uvutaji haukuwa na madhara; twasema kilichokatazwa si kitu chenyewe, bali namna ya kukitumia, nayo ilihesabiwa kuwa ya Wachina. Mwaka 1887 wao walikatazwa kuingiza kasumba nchini. Wamarekani waliendelea kuiingiza.

Mwaka 1886, huko Oregon, Jaji Matthew Deady alisikiliza shauri la Mchina aliyekamatwa chini ya sheria ya namna hiyo. Aliandika kwamba huenda sheria ile ilitokana na nia ya kuwaudhi Wachina kuliko kuwalinda watu na tabia mbaya. Hata hivyo aliiacha isimame. Anayesoma Kumb. 1:16-17, ambapo waamuzi wanaagizwa juu ya mgeni, atatambua uzito wa ungamo hilo.

Kanisa nalo lilihusika. Askofu Charles Henry Brent, Mwepiskopali aliyetumika Ufilipino, aliongoza Tume ya Kimataifa ya Kasumba iliyokutana Shanghai Februari 1909, akiwa na uchungu wa kweli kwa watu wa Asia. Mwezi huo huo Bunge la Marekani lilikataza kuingiza kasumba ya kuvuta. Ile ya chupani iliendelea kupita bandarini.