Roboti yamsaidia daktari kuondoa uvimbe adimu wa utumbo

UTUMBO mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita sita, lakini saratani huzuka humo mara chache ikilinganishwa na utumbo mpana. Uhaba huo ndio hatari yake. Mgonjwa huumwa na tumbo, hupungukiwa na damu au hupata choo cheusi, naye hudhaniwa ana vidonda vya tumbo. Isitoshe, kamera za kawaida zinazopitishwa mdomoni au katika njia ya haja kubwa hazifiki katikati ya utumbo huo. Aghalabu ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekomaa.

Tiba kuu ya uvimbe ambao haujasambaa ni upasuaji. Zamani daktari alilazimika kulifungua tumbo kwa jeraha refu. Mnamo 2000, Marekani iliidhinisha roboti iitwayo da Vinci kutumika katika upasuaji wa tumbo.

Jina hilo lisimtishe msomaji, kwani roboti hiyo haiamui lolote. Daktari huketi hatua chache kutoka kwa mgonjwa, akitazama picha iliyokuzwa na kuongoza kwa mikono yake vifaa vyembamba vilivyopenyezwa katika matundu madogo tumboni. Vifaa hivyo hujipinda mithili ya kiwiko cha mkono, hivyo hurahisisha kushona utumbo palipo finyu, hasa karibu na kongosho. Kwa kuwa majeraha ni madogo, maumivu hupungua na mgonjwa huweza kurudi nyumbani mapema.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Roboti nyingi hazimwezeshi daktari kuhisi anachokigusa. Kuna uvimbe unaotokana na seli za homoni, ambao huweza kuota mahali kadhaa, mwingine ukiwa mdogo kama punje. Huo hutambuliwa kwa kupapasa utumbo wote, na kwa hivyo baadhi ya madaktari hupanua tundu moja na kuutoa utumbo nje waukague kwa vidole.

Aina nyingine, GIST, huota kwenye ukuta wa utumbo. Ukipasuka wakati wa kuondolewa, seli zake humwagika tumboni na ugonjwa huweza kurejea. Kwa sababu hiyo, uvimbe mkubwa huenda ukahitaji jeraha refu la zamani, au upunguzwe kwanza kwa vidonge vya imatinibu.

Basi yeyote anayeendelea kupungukiwa na damu au kupata choo cheusi licha ya kutibiwa vidonda vya tumbo, amwombe daktari amfanyie uchunguzi zaidi. Hata roboti iwe hodari vipi, haina msaada iwapo uvimbe haujatafutwa ukapatikana mapema.