Saratani kando ya visima vya mafuta: Kargi, Meru na bonde la Eyasi

Mkusanyiko wa saratani ni hali ambapo wagonjwa wa eneo moja, katika kipindi kimoja, wanazidi idadi ambayo ingetarajiwa kwa watu wa umri na jinsia kama zao. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni nyepesi. Vijijini ni ngumu, kwa kuwa inadai vitu viwili ambavyo mara nyingi havipo: orodha ya kweli ya waliougua, na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla ya kinachoshukiwa kuingia.

Kisa kinachotajwa sana Afrika Mashariki ni cha Kargi, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit nchini Kenya. Miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba kutafuta mafuta katika eneo hilo, haikupata ya biashara, ikaondoka. Wafugaji wa huko wanadai kwamba taka za uchimbaji ziliachwa au kufukiwa jangwani, na kwamba tangu hapo saratani za koo na tumbo zimewaandama. Mwaka 2000 maelfu ya mifugo walikufa Kargi baada ya kunyweshwa maji ya kisima, na kilichotajwa kuwaua ni naitreti iliyopita kiasi. Malalamiko hayo yamefika hadi bungeni Nairobi.

Shaka yao ina msingi. Tope linalotumika kuchimbia huchanganywa na kemikali, na maji yanayopanda kutoka kina kirefu huweza kubeba aseniki, radiamu na benzini. Zote tatu zimo katika kundi la kwanza la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, yaani zimethibitika kumletea binadamu saratani. Ila kila sumu ina mahali inapopenda kushambulia. Aseniki ya kunywa hujulikana zaidi kwa saratani za ngozi, mapafu na kibofu. Benzini kwa saratani ya damu. Kilio cha Kargi ni cha koo na tumbo. Naitreti inaukaribia zaidi ugonjwa huo, kwani mwilini huweza kugeuka kuwa nitrosamini, lakini naitreti hupatikana pia katika visima ambavyo havijawahi kusogelewa na mtambo wa mafuta.

Kuna jambo jingine linalotatiza. Saratani ya umio, ile njia ya chakula ambayo watu wengi huiita koo, imeenea katika ukanda mrefu kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, Kilimanjaro ikiwemo, mahali ambako hakuna kisima cha mafuta. Watafiti wamewahoji wagonjwa wa Eldoret, Moshi na Blantyre kuhusu pombe, tumbaku, moshi wa jikoni na vinywaji vya moto mno. Kuhusu hivyo vya mwisho, shirika la Lyon lilisema mwaka 2016 kwamba vikizidi nyuzijoto 65 yamkini husababisha saratani hiyo.

Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, unaonyesha vizuri jinsi ardhi yenyewe inavyoweza kufanya kazi ambayo angelaumiwa mchimbaji. Miamba yake ya volkano ina floraidi nyingi, na maji yanayopenya humo huibeba hadi kwenye chemchemi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya Ngarenanyuki, Maji ya Chai na Oldonyo Sambu hukivuka kiwango hicho mara kadhaa, na katika maziwa ya Momella hesabu hufika mamia. Kwa miaka mingi serikali iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kukataza kungewaacha watu bila maji. Meno ya kahawia ni ya kawaida huko. Kwa baadhi ya watoto miguu hupinda, na kwa watu wazima mifupa hukakamaa. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi huongeza floraidi juu ya ile ya majini. Kituo cha Ngurdoto kimefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa madini hayo, na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya wahandisi ya Uingereza kwa chujio lake. Kama kampuni ya mafuta ingalichimba Ngarenanyuki miaka ya 1950, matege yale leo yangeandikwa kwa jina lake.

Floraidi haijathibitika kuleta saratani. Hata hivyo, watafiti wa Eldoret walieleza mwaka 2019 kwamba meno yaliyoharibiwa nayo vibaya yalionekana zaidi kwa wagonjwa wa umio kuliko kwa wenzao wazima. Huo ni uhusiano, bado si chanzo.

Ugumu wa kuhesabu unabaki palepale. Mahindi yakimwagwa uani, mahali fulani yatarundikana bila mkono wa mtu, na kijiji cha watu elfu mbili kinaweza kupata wagonjwa watano wa aina moja kwa bahati mbaya tu. Saratani huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujitokeza, na katika muda huo wafugaji wamehama. Hospitali ya KCMC Moshi na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huandika wanaofika. Anayefia bomani bila kupimwa hahesabiwi.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mkoa wa Arusha upande wa Karatu. Cha kufanya huko ni kupima kila kisima na chemchemi kabla ya uchimbaji mkubwa: aseniki, naitreti, radiamu, benzini na floraidi, kisha kurudia kila mwaka, huku zahanati zikiandika kila anayeshukiwa kuwa na saratani na kijiji alichokulia. Kwa kuwa bonde hilo nalo limepakana na nyanda za volkano, floraidi inaweza kukutwa humo kabla mtambo haujafika, na ni vyema iandikwe kwa tarehe yake.