Je, Wajua? Kilwa Iliyoko Goa, Lisbon na Sydney

Maghofu ya Kilwa Kisiwani tunayajua, kwa macho au kwa picha. Lakini hazina nyingine ya pwani hii ni barua, vitabu, dhahabu na sarafu zilizovuka bahari, na hadi leo zinatunzwa ugenini. Twende tuzizungukie!

Mfalme mwanamke na barua zake
Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Miongoni mwa waandishi ni Mfalme Fatima binti Muhammad, mtawala wa Kilwa. Zimehifadhiwa Goa, India. Ilikuwa bado miaka 65 kabla ya Marekani kutangaza uhuru wake, na Kilwa tayari ilikuwa ikiendesha mambo ya dola kwa Kiswahili!

Kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo
Tarehe, yaani historia ya kale ya Kilwa, inasimulia kuwa Ali bin Hassan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Nakala yake ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, ipo London. Ajabu ni kwamba Mreno João de Barros alikuwa ameshachapisha masimulizi kama hayo mwaka 1552, na bei ni ileile: nguo.

Dhahabu ya kodi
Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Huko Ureno ikafuliwa kuwa chombo cha ibada, kikakamilika mwaka 1506, na maandishi yaliyochorwa juu yake yanaitaja Kilwa. Kipo katika makumbusho ya Lisbon. Ni nadra mali iliyotwaliwa kwa nguvu kubeba jina la ilikotoka kwa miaka zaidi ya 500.

Mwaka 1776, sahihi mbili
Julai 1776 Wamarekani walitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Wiki kumi tu baadaye, Sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba wa kumuuzia Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Karatasi za Morice zilihifadhiwa Oxford. Zinatuonyesha kwamba bei ya binadamu pwani yetu iliwahi kuandikwa kwa tarakimu kavu namna hii.

Sandarusi yetu, merikani yao
Marekani changa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, mwaka 1833. Meli za mji wa Salem zilileta vitambaa vya pamba, yaani merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu uliofukuliwa ardhini pwani na kutengenezewa vanishi. Shajara na barua za Richard Waters, balozi mdogo aliyefika Zanzibar mwaka 1837, zipo Massachusetts.

Senti za Kilwa, ufukwe wa Australia
Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nne zilikuwa za Uholanzi, tano za shaba za Kilwa! Kutoka Kilwa hadi huko ni zaidi ya kilomita 10,000, na aliyezifikisha hajulikani. Sasa zimo katika makumbusho ya Sydney.

Lindi na Sudi nazo zimo
Mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten alichapisha Berlin masimulizi ya kale ya Kilwa Kivinje, Lindi, Sudi na Mikindani, kwa Kiswahili chenyewe. Nani alihamia wapi, nani alimrithi nani: yote yaliwekwa kwenye karatasi. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayekumbuka nasaba hizo, keti naye na daftari. Barua na vitabu hivi vyote vilianza kwa mtu aliyeandika.