Kazi itachukua muda gani? Tuhesabu kabla ya kuahidi



Mfadhili akituuliza kazi itakwisha lini, wengi wetu tunamtajia ule muda tunaoutamani. Nami nilifanya hivyo. Niliahidi kunukuu kutoka kwenye kanda simulizi za wazee wa hapa Maskati waliozaliwa Unguja kwa miezi mitatu, ilikwenda minane. Msaidizi wangu alikaa bila ya malipo, na mzee mmoja akafariki kabla hajasomewa maneno yake. Hilo halirudi.

Kosa langu lilikuwa kushika makadirio ya aina moja tu. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, katika mradi wa makombora ya Polaris, lilibuni njia ya kukadiria mara tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, na yakiharibika. Chukua la kawaida mara nne, jumlisha na yale mawili, gawanya kwa sita.

Hebu tuone. Una saa 40 za sauti. Kunukuu saa moja, msemaji akisikika vizuri, ni saa 4 za kazi. Kwa kawaida 6. Kukiwa na kelele, au lahaja usiyoizoea, 14. Basi 4 + 24 + 14 ni 42. Gawanya kwa 6, unapata 7. Saa 40 mara 7 ni 280. Kwa saa 5 kila siku, ni siku 56. Ungeshika ile 6 peke yake ungesema 48.

Lakini siku ya kazi si siku ya kalenda, na hapa ndipo tunapoanguka. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Unguja ni Jumamosi na Jumapili. Mkisikiliza pamoja, wewe huku na mwenzio kule, siku zenu ni nne tu kwa wiki: siku 56 zinakuwa wiki 14. Ramadhani ikiingia, saa za kazi hupungua. Zile 5 zikiwa 3, kwa wiki nne mmepoteza saa 32, yaani wiki moja na nusu na ushei.

Jambo la mwisho: muulizeni anayenukuu, si anayesimamia. Na andikeni saa mlizotumia kweli, ziwafae mradi ujao.

Inshaallah tuseme, ila baada ya kuhesabu.