Hatari ya Upepo kwa Gari Tupu

Watu wengi hudhani kwamba lori lililojaa shehena ndilo la hatari, na kwamba lori tupu ni salama. Yamkini ni hivyo penye mteremko, lakini penye upepo sivyo. Mzigo uliolazwa chini hulikalisha gari barabarani. Lori tupu lenye turubai refu ni kama tanga lisilo na chombo chini yake.

Tuitazame barabara itokayo Manyoni kwenda Singida. Nchi ile ina upepo mkali, hasa wakati wa kiangazi, nao aghalabu hutoka mashariki, yaani hupiga ubavu wa gari. Aendaye Singida hupigwa mkono wa kuume, na gari husukumwa nje ya barabara. Arudiye Manyoni hupigwa mkono wa kushoto, na gari husukumwa kuyaelekea magari yajayo. Huyu wa pili ndiye nimwogopaye zaidi, maana akikosea hafi peke yake.

Jambo lisilofahamika na wengi ni hili: mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Upepo wa maili 30 kwa saa ukisukuma ubavu wa lori kwa ratili 400, basi ule wa maili 60 utasukuma kwa ratili 1,600.

Tena upepo hauji sawasawa. Dereva apitapo kati ya vichaka, au nyuma ya majabali makubwa ya Singida, hausikii. Atokeapo uwandani hupigwa kwa ghafula. Hali kadhalika apishanapo na lori kubwa: kwa nukta moja upepo hukingwa, kisha hurudi. Naye aliyeupinda mno usukani ili kushindana na upepo, ukikatika hujikuta amevuka upande wa pili.

Kwa hiyo apunguze mwendo kabla ya kutoka penye kinga, ashike usukani kwa mikono miwili, wala asikanyage breki kwa nguvu. Gari likiwa tupu, turubai likunjwe, upepo upite. Utingo hupenda kuliacha ili alale kivulini, lakini usingizi huo ni ghali. Mpanda baiskeli apitwe kwa mbali, maana naye huyumba. Vumbi likifunga macho, gari litolewe kabisa barabarani, likae nyuma ya jabali, si chini ya mti, kwani matawi huvunjika.

Nanyi wazee wa vijiji na walimu, mkiona lori litokalo mnadani limebaki tupu, na watu wamekaa juu ya vyuma vya turubai, washusheni kabla halijaondoka.