Akiba Haiozi, Lakini Sarafu za Fedha Hufubaa

Katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili: ile tunayoipokea mwisho wa mwezi, na yale madini meupe ambayo masonara hufulia pete na bangili. Hapo kale hapa Pwani maana hizo zilikuwa kitu kimoja. Riale ya Maria Theresa, ambayo huonyesha mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia moja baadaye, ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 zilikuwa fedha halisi. Rupia ya wakati wa Wajerumani, iliyoanza kutolewa 1890, ilikuwa na sehemu 917. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, iliyopigwa kwa fedha tangu 1921 hadi 1946, ilikuwa na sehemu 250 tu. Iliyobaki ilikuwa hasa shaba.

Ziko familia ambazo bado zinazo sarafu za namna hiyo, zimerithiwa kutoka kwa babu au bibi na kutiwa katika kikasha cha plastiki ili zisiharibike. Siku moja kikasha hufunguliwa, na ile sarafu iliyokuwa nyeupe pe imekuwa ya manjano, ya buluu, au nyeusi ti. Hapo ndipo tuhuma huzuka nyumbani: huyu atasema sarafu imebadilishwa, yule atasema marehemu aliuziwa bandia. Ndugu msomaji, kabla ya kumtuhumu mtu, yafaa kwanza kuituhumu hewa.

Fedha haishiki kutu kama chuma. Adui yake mkubwa ni salfa. Hewani mna gesi ya haidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na hata ikiwa kidogo mno kiasi cha pua kutoitambua, huungana na uso wa sarafu na kufanya utando wa salfidi ya fedha. Utando huo unapokuwa mwembamba, mwanga mwingine hurudi kutoka juu yake na mwingine hupenya na kurudi kutoka kwenye fedha iliyo chini. Miali hiyo ikikutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hupata nguvu, kama tuonavyo mafuta ya taa yakielea juu ya dimbwi. Ndiyo maana sarafu huanza na manjano, ikaingia wekundu na zambarau, ikafika buluu, na mwisho ikawa nyeusi.

Kwa wakazi wa Mbezi Beach na Kunduchi mambo hayo huenda kwa kasi zaidi. Unyevu wa hewa ya bahari huharakisha kazi ya salfa, na chumvi inayopeperushwa na upepo huacha juu ya fedha madoa ya kijivu. Aidha, tope la mikoko maji yanapokupwa, na makaro ya majumbani, hutoa gesi ile ile ya mayai viza.

Wengi watauliza: je, kikasha hakizuii? Kikasha huchelewesha, hakizuii kabisa. Hata vile vya plastiki ngumu vilivyofungwa kiwandani hupitisha hewa polepole. Zaidi ya hayo, mara nyingi adui hufungiwa ndani pamoja na sarafu. Kadibodi na karatasi duni huwa na salfa. Vivyo hivyo kitambaa cha sufu na ukanda wa mpira. Alama ya kidole huacha jasho na chumvi, na baada ya miezi huonekana kama mhuri. Vifuko laini vya plastiki ya PVC, vyenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni, ni hatari zaidi: hutoa asidi na uteute wa kijani unaoishambulia shaba iliyomo katika sarafu. Vifuko vya poliesta, na vikasha vya akriliki, ndivyo salama.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusugua. Watu wamezoea kusema kizuri chajiuza, basi huchukua majivu, ndimu, dawa ya meno, au hata waya wa masufuria ili sarafu ing'are kabla ya kupelekwa kwa mnunuzi. La hasha! Ule weusi si uchafu uliotua juu ya fedha. Ni fedha yenyewe iliyogeuka. Kila unapousugua unaondoa sehemu ya sarafu, pamoja na maandishi na sura iliyochorwa. Mjuzi huona mikwaruzo mara moja na kushusha bei, ilhali utando wa asili uliojengeka taratibu haupunguzi thamani sana, na wako wakusanyaji wanaoulipia zaidi. Njia ya magadi na karatasi ya aluminiamu katika maji ya moto hurudisha weupe wa kijiko au bangili, lakini sarafu ya kale huiacha imepauka.

Basi, mwenye sarafu na azishike kwa ukingo, kwa mikono iliyonawiwa na kukaushwa. Aziweke chumbani mahali pakavu, mbali na jikoni na msala, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya. Azikague kabla ya masika na baada yake. Kisha aandike katika daftari aina ya kila sarafu, mwaka wake, uzito wake na jina la aliyeiacha, na ndugu wote waone. Sarafu ikifubaa, daftari litashuhudia kwamba ni ile ile, na urithi wa wazee hautakuwa chanzo cha ugomvi.